Mitungo ya Bi Kjerstine

"Ishirini!" Profesa Krag alipiga ukelele, shakwe wakaruka. "Na huu ishirini! Na huu!"

Uani kwa Bi Kjerstine, kisiwani Fanø, Denmark, samaki bapa walikuwa wakikaushwa kwa upepo, wametungwa kwenye vijiti. Kila mtungo ulikuwa na samaki ishirini kamili.

Wanakamati watatu kutoka Kopenhagen walihesabu upya, wameziba pua. Cheo cha profesa mkuu wa lugha kilibakiwa na wagombea wawili, na leo mmoja angekikosa. Krag alishikilia kwamba neno la kale la Kideni la ishirini, *snes*, lilizaliwa kwenye kijiti cha samaki. Mpinzani wake, Tarp, alidai lilitokana na mkato ambao wachungaji walichanja kwenye fimbo kila wakihesabu kondoo ishirini.

"Kondoo!" Krag alimcheka usoni. "Huyu hajui kondoo ana miguu mingapi mpaka afungue kamusi."

Tarp aliinamisha uso. Miaka kumi na miwili ya kazi yake ilikuwa inaning'inia pale pamoja na samaki.

Bi Kjerstine alitoka na sinia la kahawa. Wageni wote aliwatilia sukari isipokuwa Krag. Krag alipokea kikombe bila kumtazama wala kushukuru. Kwake yeye wavuvi walikuwa vitu vya kuchunguzwa.

"Mnatunga hivi kisiwa kizima, bibi?" aliuliza mwenyekiti wa kamati.

"Kisiwa kizima, bwana. Ukikosea hata mmoja, majirani watakusema."

"Mmesikia?" Krag alitamba. "Kichwani hamna kitu, lakini mikono inakumbuka ya mababu! Haya bibi, sema kwa sauti, Tarp naye asikie. Nani aliwafundisha ishirini?"

Bi Kjerstine alijifuta mikono kwenye aproni, taratibu.

"Mama yangu alikuwa anatunga wanaoenea tu, pengine kumi na saba, pengine ishirini na tatu. Kila mtu hapa alifanya hivyo. Halafu akaja kijana mmoja msomi kutoka Kopenhagen, akamgombeza mbele za watu kwamba ametupa mila ya mababu, mtungo ni ishirini. Maskini mama, aibu ile alikufa nayo. Tangu siku hiyo hakuna aliyethubutu kukosea."

Akampokea Krag kikombe.

"Ila wakati ule, bwana, ulikuwa na nywele."