Zambarau Baada ya Pasaka

Arcade alipandisha ubora wa picha hadi juu kabisa, akijua fika mtandao wa Katumba hauwezi kuubeba. Halafu akaipunguza bafa, ile akiba ya video inayozuia kukwama. Yesu wangu! Yeye, fundi ambaye nusu ya Mpanda humwita ili televisheni zao ziache kukwama, leo anaomba ya mama yake ikwame.

Ikakwama. Kiduara kikazunguka juu ya uso wa kaka yake, Dieudonne, aliyeganda mdomo wazi katikati ya wimbo, na kwaya nzima nyuma yake, huko Kanada.

"Mtandao wenyewe ndiyo huu, mama," akasema bila kumtazama.

"Si neno," akajibu mama yake, Séverine, kutoka kwenye mkeka. "Vitu vya moja kwa moja ndivyo vilivyo."

Moja kwa moja wapi! Ilikuwa misa ya zamani, mojawapo ya zile ambazo parokia ya kule huziacha mtandaoni. Dieudonne aligongwa na gari siku chache kabla ya Pasaka, akazikwa hukohuko. Baba mkubwa Telesfori aliwakusanya wote akawakataza: presha ya mama ishuke kwanza, ndipo aambiwe.

"Na nyie mkitaka kulia, mkalilie mbali," alisema. Kisha akamgeukia Arcade. Kila Jumapili jioni mama amwone mwanae akiimba kama kawaida, la sivyo atauliza.

Basi Arcade akawa mwongo wa kila Jumapili. Ile ya kwanza video ilipita laini mno, akaogopa mama atagundua si ya moja kwa moja. Tangu hapo anaikwamisha mwenyewe. Dieudonne ndiye aliyemnunulia vifaa vyake vya kwanza vya ufundi, na shukrani yake ndiyo hii: kumkatiza asimalize hata wimbo mmoja. Alijiona mtu mbaya sana. Na bado hakuwa amemlilia, maana angelilia wapi, na mama yuko hapo hapo?

Mama alikuwa hajavua kitenge cha kwaya alichovaa asubuhi kanisani. Aliimba Aleluya chinichini, polepole, huku akimtazama padri wa kwenye kioo na joho lake la zambarau.

Picha ikatembea kidogo. Dieudonne akavuta pumzi, akaanza ubeti wa pili. Kiduara tena.

"Arcade, mwanangu," mama akasema. "Shika hiyo rimoti, urudishe vile ulivyokuwa unaweka zamani. Isikwame."

"Lakini mama, mtandao leo..."

"Achana na mtandao. Tangu Pasaka kanisa lote limerudi kuimba Aleluya. Kule kwa Dieudonne tu ndiko padri bado kavaa zambarau ya Kwaresima."

Rimoti ikamtoka Arcade mkononi. Mama akaiokota, akamrudishia, kisha akasogea kumpa nafasi kwenye mkeka.

"Njoo ukae hapa, umlilie kaka yako," akasema. "Mimi nimekuwa nikimlilia kila ukienda kazini, nisikuongezee mzigo. Ila kwanza mwache amalize wimbo."