Wifi, Nishike Miguu

Mtaalamu wa viungo alikuwa amemwagiza: alale chali, akunje magoti, avute kitovu ndani taratibu, kisha akiachie. Asithubutu kujinyanyua, kwa mgongo ule mbovu. Lakini fundi cherehani alishachoka kungoja tumbo liondoke kwa kuvutavuta kitovu. Asubuhi hiyo, gauni alilojishonea mwenyewe kwa harusi ya bintiye lilikataa katakata kufunga zipu.

Akatandika mkeka chumbani, akalala, mikono kisogoni.

"Wifi, njoo unishike miguu."

"Na huo mgongo?"

"Mgongo ni wangu, tumeshazoeana. Kwani tumbo hili litatoka kwa maombi?"

Wifi akacheka, akapiga magoti, akamshika. Fundi akajinyanyua, akashuka, akajinyanyua tena, jasho likimchuruzika shingoni. Alipojikaza kwa mara nyingine, kitu kikalia ndani ya kiuno, ta, kama uzi mnene unapokatika. Akarudi chini polepole.

Cha ajabu, yale maumivu aliyolala nayo na kuamka nayo miaka yote yakanyamaza.

"Umesikia? Mgongo umejiachia wenyewe," akasema, akiitabasamia dari. "Hauumi hata chembe! Haya, tuendelee."

Fundi akakaza mikono kisogoni.

"Nishike basi. Mbona umeniachia?"

Wifi alikuwa amekamata vifundo vyote viwili, akivibana kwa nguvu zake zote, kucha zimezama kwenye ngozi.

"Nimekushika, wifi yangu," akasema kwa sauti ndogo. "Sijakuachia."