Benchi la Nyuma Siku ya Uzinduzi

Jumatano, tarehe kumi na mbili Machi, mke wa Luhaga alifariki, yeye akiwa shambani anapalilia pamba. Zahanati walimwambia alifikishwa akiwa ameshakata roho. Akaamini, akazika.

Miezi mitano baadaye alikwenda kutoa kopi ya kitambulisho mjini Bariadi. Binti mwenye duka ana blogu ya habari za mkoa, na kompyuta yake ilikuwa imefunguka kwenye picha ya siku ileile mkewe alipofariki: mgeni rasmi anakata utepe wa jengo jipya la zahanati ileile.

Nyuma ya wapiga makofi, mkewe ameketi kwenye benchi, macho wazi, ameinua kadi ya matibabu.

"Mayu, hebu ikuze hapo," Luhaga alisema, akimwita binti mama kwa Kisukuma.

Binti akaikuza. Kadi ilikuwa imekunjika kwa jinsi alivyoibana kwa kidole gumba. Mbele yake alisimama mtu wa koti jeupe, amempa mgongo.

"Kumbe alifika mzima," Luhaga alisema polepole. "Wakubwa wakija, mgonjwa asubiri hotuba iishe! Waulize hapo chini ya picha."

"Baba, nikiuliza, hawataniita tena kwenye ziara zao. Ndizo zinazonilisha."

"Basi nipishe niandike mwenyewe."

Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi. Alipomaliza, binti alivuta pumzi, akabonyeza kutuma.

Hadi Ijumaa ya wiki hiyo walikuwa wamelisoma swali lake watu elfu mbili, wa Maswa, wa Itilima, hata wa Dodoma:

"Huyu wa koti jeupe ni nani, na mke wangu alikuwa anamwambia nini?"