Viti Viwili vya Baridi

Sheria iliruhusu kiyoyozi kimoja kwa kila nyumba, na Shekue alikiandikisha cha kwao kwenye gari lake la spoti la zamani, lenye viti viwili tu. Kiyoyozi chenyewe kilikuwa kibovu. Mkewe, Mwantumu, aliambiwa avumilie mpaka fundi aje.

Fundi Kiondo alikuja saa saba mchana, akang'oa kompresa kuukuu, akafunga mpya ya umeme na kujaza gesi. Hewa ikatoka baridi kama maji ya mtungini.

"Umeona, Mama Zawena? Gari limekuwa jipya!" Shekue alisema, akipapasa usukani.

"Mwanao mgongo mzima harara, mama yako anahema tangu asubuhi, halafu wewe unaniambia gari!"

Mwantumu alimvuta mumewe mkono akamtoa garini. Akamkalisha mkwewe kiti cha dereva, binti yao Zawena kiti cha pili, akabamiza mlango.

"Na mimi nikae wapi?"

"Kakae juani, tulikokuwa sisi!"

Fundi alikuwa akikusanya spana zake.

"Mama," alimwambia Mwantumu kwa sauti ya chini, "hili ni gari la saba ninalofungia kiyoyozi mtaa huu. Ndiyo mara ya kwanza naona mtoto ndani."