Milango Kumi na Mmoja ya Jikoni

Mlango wa tatu nao ulipwaya. Mzee Albano, fundi seremala, aliuweka kwenye fremu ya kabati, akaushikilia kwa viganja viwili, kisha akainamisha kichwa kupisha mwanga. Pembeni kulibaki uwazi wa kupitisha kidole.

"Mdogo," alisema.

"Yote midogo?" aliuliza Azan. Alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, funguo za gari mkononi.

"Yote kumi na mmoja."

Wahiba, aliyekuwa akiosha vyombo, hakugeuka. Hii ilikuwa mara ya tatu tangu Julai, na sasa Oktoba ilikuwa inaisha. Kama ingekuwa mikubwa, ingepigwa randa na kazi ikaisha siku hiyohiyo. Midogo haina dawa. Ni kukata mbao upya.

Nyumba ile ya Mtoni ilikuwa na jina la Azan kwenye hati. Wahiba aliingia humo kama bibi harusi, mke wa Anwar, mdogo wake Azan. Anwar alifariki mwezi wa pili. Eda ilipokwisha tu, Azan akapata mpangaji, wakala wa mizigo wa Kurasini, aliyependa kila kitu isipokuwa milango ya makabati ya jikoni iliyoliwa na mchwa.

Azan hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na watu wengi waliomtegemea. "Siku milango mipya ikifungwa, shemeji," alimwambia Wahiba siku ile ya kwanza fundi alipokuja kupima, "itabidi mwende Tanga kwa mama yako. Mpangaji hawezi kungoja zaidi ya hapo."

Aliyasema hayo hapohapo jikoni, fundi akiwa amepiga magoti, kichwa ndani ya kabati la chini, na Salsabil, binti pekee wa Wahiba, akiwa mezani na vitabu vyake. Salsabil alikuwa kidato cha nne. Mtihani ulikuwa Novemba, katika shule yake ya Temeke, na hakuna namna mtoto angeufanya huku analala Tanga. Wahiba alisema hivyo. Azan akajibu kwamba angeweza kurudia mwakani. Salsabil alifunga daftari lake, akatoka kwenda uani.

Tangu siku hiyo waliishi na mabegi yaliyofungwa nusu. Kila milango ilipoletwa, Wahiba alikunja nguo za mwisho na kuvua mapazia. Kila ilipokataa, aliyarudisha mapazia. Kuna asubuhi alitamani ikae tu, ajue moja. Mgongo ulimuuma kwa kufungasha, na usingizi alikuwa ameusahau.

Lililomchosha zaidi ni kumtazama mzee Albano. Alikuwa na karakana Keko zaidi ya miaka thelathini. Vitanda vyote vya nyumba ile alivitengeneza yeye, na hata sasa viungo vya milango yake vilibana hivi kwamba ukucha haukupenya. Leo alikuwa anaumbuliwa mbele ya watu kwa kushindwa kupima kabati. Na kila alipokosea, moyo wa Wahiba ulifurahi kidogo, kisha ukaona haya.

"Mzee wangu," Azan alisema, kwa upole wa mtu aliyekwisha kuamua, "macho yamechoka. Hakuna aibu katika hilo."

"Yamechoka kidogo," Albano alikubali. "Mbao ni juu yangu. Nipe wiki nne."

"Wiki nne, na iwe mara ya mwisho. Isipokaa, namleta mtu mwingine."

Azan akatoka. Wakasikia gari likirudi nyuma hadi barabarani.

Albano alipanga milango yake ukutani, mmoja juu ya mwingine, akatoa futi na daftari. Alipopiga magoti, yalilia. Akaisogeza futi karibu na uso, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu tena.

Wahiba alifuta mikono kwenye kanga. Alijua anachotaka kufanya na alijua kitamgharimu nini. Namba zikiwa sahihi, milango itakaa, na ikikaa wataondoka. Lakini hakuweza kumtazama mzee yule akifukuzwa kazi jikoni mwake.

"We andika tu, mzee," alisema. "Leo nitakusomea mie."

Albano alimtazama. "Utachoka, mama Salsabil."

"Nishachoka."

Akaichukua futi, akainama kwenye kabati la kwanza. "Upana, sentimita arobaini na mbili na nusu."

Albano akaandika.

"Urefu, sitini na nane."

Akaandika.

Wakaenda hivyo, kabati baada ya kabati, sauti ya Wahiba ikizidi kufifia. Kila namba aliisoma mara mbili ili asimponze. Penseli ilikwenda bila kusita. Walipofika la nne, alichuchumaa karibu na fundi kupumzisha mgongo, macho yake yakaangukia kwenye daftari. Tarakimu zilikuwa ndogo, safi, zimenyooka kwenye mstari. Kwenye kabati la kwanza palikuwa na arobaini na moja, kwa sitini na sita na nusu.

Alidhani amekosea mstari. Akatazama tena.

"Mzee," alisema taratibu, "nilisema arobaini na mbili na nusu."

"Nilikusikia." Albano hakuinua kichwa. "Mtihani wa mwisho wa binti ni tarehe ngapi?"

"Ishirini na moja," alisema Wahiba.

"Wiki nne zinatufikisha ishirini na tatu," alisema fundi. "Na wakiidai kabla ya hapo, haitakaa. Haya, mama, nisomee linalofuata."