Kilima Nyuma ya Mtakatifu

"Futa hicho kilima," Padri Gaspari alisema, akiligonga kwa kidole bamba la shaba ambalo juu yake Apolonia alikuwa amechonga picha ya kuchapwa katika kitabu cha sala. "Waumini watatazama miti na mto, wamsahau mtakatifu aliyepiga magoti."

Damu ilimchemka Apolonia. "Padri, nilipomzika mwanangu, kanisani nilishindwa kusema hata Baba Yetu. Nilikwenda kukaa kwenye kilima hicho, ndipo nikaweza kusali."

"Hayo ni yako. Futa."

Alichukua kisu cha kukwangulia, akaikwangua shaba kwa hasira mpaka chenga nyekundu zikamjaa kwenye kucha. Kisha akapaka wino, akatandika karatasi juu yake, akaipitisha kwenye mtambo wa kuchapia na kumkabidhi padri picha ikiwa bado mbichi.

Kilima kilikuwepo na miti yake yote. Mtakatifu ndiye hakuwepo; alipokuwa amepiga magoti palibaki weupe mtupu.

"Mtakatifu yuko wapi?" padri alifoka.

"Nafasi yake hiyo hapo," Apolonia alisema. "Piga magoti wewe mwenyewe, Padri."

 Padri aliikodolea macho picha, na wino wa mto ukaanza kumchafua vidole.