Alama ya Mlangoni

Risasi ya kwanza ilimchukua dereva wa lori lililotangulia. Mustafe aliona kichwa chake kikilala juu ya usukani, lori likapinduka, mbuzi wakamwagika barabarani. Nyuma, pikapu ya miraa ilitobolewa ikawa chujio. Katikati, Land Rover yao kuukuu ilipita bila mkwaruzo.

Ndivyo mambo yalivyokuwa mwaka ule wa 1996 kati ya Garissa na Wajir: wenzao walizikwa, wao walirudi nyumbani. Pale Iftin, mtaani kwao Garissa, watu walisema baba yake, Jelle, ana dua kali. Wenye midomo walisema hata jambazi ana macho, hapotezi risasi kwa bati bovu.

Na bovu lilikuwa kweli. Kutu ilikuwa imekula sakafu hadi abiria wakaona barabara chini ya miguu yao. Lakini Jelle hakutaka kusikia. Mafundi wa gereji aliwafukuza. Mustafe akishika msasa, alimnyang'anya. Mlangoni alikuwa amechora kwa lami alama ile ile aliyowachoma ngamia wake, kubwa kama sinia.

"Ngamia mwenye alama hapotei," alisema, na maneno yakaishia hapo.

Siku bati lilipomchana mama yake mguu, Mustafe aliapa liwalo na liwe. Alisubiri Jelle aende Wajir kununua ngamia. Gereji ingechukua muda, na habari zingemfikia mzee, basi yeye na mama yake wakalifanyia kazi uani kwao. Mustafe alikwangua kutu, akaziba mashimo kwa vipande vya debe. Mama yake, Rukiyo, alishika brashi akicheka kama msichana.

Alama ndiyo iliyomtoa Mustafe jasho. Rukiyo alisita.

"Hiyo iache. Ni mkono wa baba yako."

"Nitamchorea nyingine, hooyo. Nzuri zaidi."

Akaisugua hadi bati likang'aa, wakapaka rangi nyeupe pe. Gari likapendeza hata likamtia Mustafe kiburi. Rukiyo alijifunga shela mpya, wakashika njia kwenda kumpokea mzee kwa gari lake jipya.

Kabla ya mji mdogo wa Modogashe kioo kilipasuka. Rukiyo alimwangukia mwanawe, damu ikimruka shingoni. Risasi nyingine ikamvunja Mustafe bega, gari likajitosa vichakani. Kwa mkono uliobaki aliziba jeraha la shingo ya mama yake, akimwomba asilale. Vidole vyake viliteleza, na Rukiyo akatulia.

Wanaume wawili walikuja mbio, nyuso zimefungwa vilemba. Wa kwanza aliufungua mlango kwa nguvu, akamwona Rukiyo, akamwona Mustafe. Bunduki ikamponyoka. Akaanza kuupapasa mlango mweupe kwa viganja vyote viwili, huku na huku, mpaka kilemba kikamfunguka.

"Mustafe," akasema Jelle, "nani amefuta alama yangu?"